Swila Dukani, Mkamataji Mlangoni

Juzi asubuhi nilikuwa nanunua chumvi katika duka moja hapa Bariadi, mara swila akainua kichwa katikati ya magunia. Mwenye duka, mtu wa pwani, akabanwa kwenye kona, hana pa kupita. Mimi mwenye mdomo mpana nikajibanza ukutani na chumvi yangu.

Akaitwa mmoja wa Bayeye, wale wakamata nyoka wetu wa Kisukuma. Mzee akasimama mlangoni, akavua kofia, akatoa salamu ya asubuhi ya kwao.

"Mwangaluka, baba."

"Mshike kwanza!"

"Nyumba nisiyoitikiwa salamu siingii."

Swila akatanua shingo.

"Mwangaluka!" mwenye duka akalia.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo!"

"Ng'ombe je?"

"Wazima wote!" Na mtu huyo hajapata kumiliki hata mbuzi. Kanzu yote ilikuwa imelowa jasho.

Ndipo mzee akaingia taratibu, akamdaka nyoka shingoni, akamtia katika mkoba wa ngozi. Mkoba akauweka juu ya meza, mbele ya pua zetu, unatikisika wenyewe.

"Haya, baba, sasa niwaage."

Wasomaji wangu, Msukuma mwenye adabu haagi kwa neno moja.