Jiwe la Zamu ya Maji

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini jiwe. Juzi nilipita kwenye mfereji wetu, huku mlimani Meru, nikaona mahali lilipokaa, na uso ukaniwaka kama wa mtoto.

Ulikuwa mwaka ule wanaume walipopelekwa Arusha kubeba mawe ya boma la Wajerumani, babu akiwa mmoja wao. Nilibaki na bibi na bustani yake: migomba, magimbi, na maharage yenye mabaka mekundu, ambayo mbegu yake alikuja nayo alipoolewa. Jua la kabla ya masika lilikuwa kali hata majani ya migomba yakajikunja mchana. Bibi alipasua magogo ya migomba iliyokwisha kuzaa, akayalaza shinani yatoe maji polepole, akafunika kwa majani makavu. Harufu ya utomvu ule ninayo hadi leo. Lakini maharage yalitegemea mfereji: asubuhi zamu yetu, kisha ya mama jirani.

Desturi, rafiki yangu, ilikuwa hivi. Zamu ikiisha, aliyemaliza na anayeanza huenda pamoja kwenye kizibo cha tope kinachoelekeza maji, wakakihamisha kwa mikono yao huku wakitaniana. Mimi niliyetaka kila kitu kiwe sawasawa niliona wanapoteza muda. Nikasimika mti mpakani, nikaweka jiwe upande wa kivuli chake. Kivuli cha asubuhi kikifupika hadi pale, mama jirani ageuze maji peke yake.

Alicheka sana. Akaanza kuniita Mjerumani wake, na kila jioni akaniletea loshoro, mahindi ndani ya maziwa mgando, eti mwenye akili ashibe. Nilikula, nikajiona mtu mzima.

Maharage yakaanza kunyauka. Nikamlaumu bibi kwamba hafuniki vizuri, hilo naliungama. Ndipo asubuhi moja nikaona, hatua mbili kutoka jiwe lilipokuwa sasa, majani meupe yaliyolala na jongoo aliyejikunja. Hapo ndipo nilipokuwa nimeliweka. Lilikuwa limesogezwa mbali na mti, ili kivuli kilifikie mapema.

Nilimkuta mama jirani shambani, maji yakimpita miguuni. Nilimwamkia, nikamwuliza. Hakukana.

"Mwanangu, na mimi nina watoto," alisema, ameinama. "Na jiwe lako halina macho."

Bibi hakugomba. Alikaa kizingitini, akasema, "Tungekishika kizibo pamoja, asingeweza. Angenitazamaje usoni?"

Jioni loshoro ililetwa kama kawaida. Hatukuila.

Masika yalipokuja migomba ikachipua, na babu akarudi, mabega yamechubuka. Maharage ya mabaka mekundu hayakurudi. Bibi hakuwa ameweka mbegu nyingine.

Maji bado yanapita pale pale. Siku hizi kila nyumba ina mlinzi wake mferejini, na kizibo huhamishwa na mtu mmoja, wengine wakimchunga.