Kumfuta Mbeba Mizigo

Jitu la darajani liliniua tena kabla ya saa tano asubuhi. Lilinyanyua shoka, mtu wangu akajaribu kuruka pembeni, lakini alikuwa mzito, akachelewa. Shoka likaingia begani likatokea kifuani. Damu ikajaa kwenye televisheni nzima. Nikaweka maneti, kile kidude cha vitufe, juu ya goti, nikavinyoosha vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja.

Mchezo huu uliletwa na binti yetu, muuguzi huko Bujumbura, baada ya kiharusi kunipiga. Alisema vidole vikilazimishwa kazi kila siku vitaikumbuka. Mimi ni katekista mstaafu. Nilisomea kazi hiyo katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na hapa Rumonge nimefundisha amani kwa miaka mingi. Nikamwomba alete mchezo wa mpira. Akacheka. "Baba, mutu anayekimbizwa na panga, vidole vyake havisinzii." Nilimshukuru Mungu kwa kunipa binti mwenye akili, nikajifunza kuchinja.

Katika mchezo ule, ukimuua adui mkubwa unapewa pointi, nawe unazigawa: nguvu za mkono, wepesi wa miguu, au uwezo wa kubeba. Pointi ukishaiweka mahali haitoki. Mimi nilizimwaga karibu zote kwenye kubeba. Mtu wangu alitembea na ngao tatu, mikuki, sufuria, ngozi za wanyama na chakula cha kumtosha mwaka. Hakuacha kitu njiani. Sasa, mbele ya jitu, hakuweza kukwepa hata pigo moja. Ilibaki njia moja: kumfuta na kuanza na mwingine, mikono mitupu.

Mke wangu alikuwa mlangoni akipepeta ndagala, dagaa wa ziwani, kuondoa mchanga.

"Muzee, huyu mutu wako iko mukimbizi? Anahama na nyumba yote!"

"Aliyebeba ndiye anayefika," nikamjibu.

"Amefika wapi? Kila siku anakufa palepale. Mufute."

"Simfuti."

"Baba watoto, ni mutu wa ndani ya televisheni! Hana hata mama."

Sikucheka. Maneno yale, aliyebeba ndiye anayefika, niliwafundisha watoto wetu wote. Niliwaambia kwamba tulipokimbia mauaji hapa Rumonge, kaka yangu mkubwa alibeba gunia la maharage mpaka ng'ambo ya mpaka, tukaishi kwa gunia lile, kisha homa ikamuua kambini. Mke wangu, ambaye nilimwoa miaka ya baadaye, naye aliamini hivyo.

Ukweli ni mwingine. Kabla ya kufika Kabonga, karibu na mpaka, kulikuwa na kijito chenye matope, na watu wenye mapanga wakatutokea kwenye migomba. Mimi nilitupa furushi langu nikakimbia. Kaka alikuwa na gunia kichwani, amelishika kwa mikono miwili. Niligeuka mara moja tu. Panga la kwanza lilimpata chini ya kwapa, mahali ambapo mkono ungemkinga kama angeuteremsha. La pili lilimpata shingoni. Bado alikuwa amelishika. Walimkata mpaka akapiga magoti, maharage yakamwagika kwenye maji mekundu, na mmoja wao akainama kuyaokota. Mtu asiye na kitu mikononi anakimbia vizuri sana. Mimi nilifika.

Nilipoanza kugawa pointi sikujua ninachofanya. Wiki ya pili nilijua, nikaendelea. Nilikuwa namvusha kaka, yeye na gunia lake. Kumfuta ilikuwa sawa na kumwacha kijitoni kwa mara ya pili.

Basi nikajaribu tena. Safari hii nilimwinulia ngao. Jitu likaivunja kwa teke, likamshika mtu wangu mguu, likambamiza kwenye mawe ya daraja, mara moja, mara mbili, mpaka kichwa kikapasuka. Maneti ikanidondoka.

Mke wangu akaja akaketi kando yangu. "Acha kwanza. Si mukono wa ugonjwa peke yake umeiangusha."

Nikamwambia yote, kijito, kwapa, maharage.

"Miaka yote hii umesema homa."

"Ndiyo."

"Na mimi kila Jumapili namuombea kama mutu wa homa."

"Nisamehe, mama."

Hakusema kama amenisamehe. Aliuliza, "Ulimuambia atupe?"

"Nilipiga kelele, tupa! Tupa! Alikuwa mkaidi."

"Basi yeye alikataa mwenyewe. Huyu hapa ni wewe unamushikisha gunia. Kila asubuhi unamupeleka akatwe."

Nikaiokota maneti. Mchezo ukauliza kwa Kifaransa kama nina hakika, maana aliyefutwa harudi. Niliomba kimoyomoyo, nikamtaja kaka kwa jinsi alivyokufa kweli, nikabonyeza kwa kidole cha kushoto. Akapotea na mizigo yake yote.

Mtu mpya alizinduka shimoni, kifua wazi, na kisu kimoja cha kutu. Pointi zake chache za mwanzo nilizipeleka miguuni. Hazikupita dakika mbili, adui mmoja mwenye rungu akamvunja taya. Nikamgeuza mtu wangu, nikamkimbiza kando ya ukuta, na alikimbia, jamani, alikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Mwenye rungu akamfuata mpaka pumzi zikamwishia, akapunguza mwendo. Hapo nikamgeuza tena, nikamchoma yule adui kooni mpaka mpini.

Nilidhani mke wangu amefumba macho.

"Bado anapumua huyo!" akapaza sauti, amenishika bega. "Piga tena, muzee! Piga!"

Nikapiga.