Mpishi wa Watu Sitini

Kwa miaka mingi baba mkubwa alijua kipimo kimoja tu cha chakula, nacho ni cha watu sitini. Hiyo ndiyo iliyokuwa idadi ya askari wa kituo cha rada alikoajiriwa akiwa bado kijana, juu ya mlima mkavu usio na jirani, na ndivyo jina la Sitini lilivyomganda. Hata alipokuja likizo nyumbani, mama mkubwa alikuwa akimfukuza jikoni, kwa kuwa chai yake peke yake ilitosha mtaa mzima.

Alipofika mara ya kwanza, kituo kilikuwa mahema. Jiko lilikuwa mawe na turubai, na upepo ulitia mchanga kwenye kila kilichofunuliwa. Askari waliuita mchanga ule chumvi ya serikali. Baadaye yakaja mabanda ya mabati, yaliyochoma mchana kama tanuri na kulia kila upepo ulipogeuka. Kisha askari wenyewe wakachonga mawe ya mlimani, wakajenga bwalo la chakula lenye kuta nene na dohani mbili. Baba mkubwa hulizungumzia jengo hilo kama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ingawa ukimbana atakiri kwamba alibeba maji ya udongo tu.

Chumba cha rada kilikuwa na giza ili mwanga hafifu wa vioo vya mtambo uonekane. Aliyemaliza zamu alitoka akipepesa macho kama aliyeamshwa ghafla. Kwa hiyo kona moja ya bwalo iliachwa na madirisha yaliyofungwa, ikawekwa benchi, na utaratibu ukajiunda bila amri ya mtu: anayekaa pale hasemeshwi mpaka amalize kikombe cha kwanza. Hata kamanda alitii. Mgeni akianza maswali yake, baba mkubwa alimwonyesha mwiko, na mgeni akaelewa. Kikombe kikiisha ndipo soga zilipoanza, za nani anakoroma, nani ameletewa picha ya mchumba, na timu gani imefungwa redioni. Bwalo lilivuma kama mzinga wa nyuki.

Mama mkubwa hakuruhusiwa kuishi kituoni. Familia zote zilibaki kwenye mji mdogo bondeni, safari ya siku nzima kwa lori.

"Umeoa sufuria," alimwambia kila likizo ilipoisha. Naye alicheka, akapanda lori.

Halafu mitambo ikaanza kupungua ukubwa. Jengo la rada lililojaa mashine na nyaya likaachiwa popo, na kazi yake ikafanywa na chombo kimoja kisichozidi kabati la nguo. Habari za angani zikawa zinakwenda zenyewe makao makuu. Kila lori lililoleta mashine liliondoka na watu. Mabweni yakabomolewa, vikaletwa vyumba vyeupe vilivyoundwa kiwandani, kila kimoja na jiko lake dogo la umeme. Mwishowe wakabaki askari saba, na baba mkubwa wa nane.

Askari hao hawakuwa wabaya. Walimsalimu vizuri, wakamsaidia kubeba mitungi ya gesi, kisha kila mmoja akaenda kula chumbani kwake akitazama simu. Yeye aliendelea kupakua, na kumwaga.

Kapteni wa kituo, mwanamke kijana aliyependa mambo yanyooke, alimwita akamweleza bila kuficha. Gesi ilikuwa inakwisha ovyo na chakula kilikuwa kinatupwa. Kama hadi mwisho wa mwezi askari hawajarudi kula bwaloni, lingefungwa na kufanywa ghala la betri, na yeye angestaafishwa.

"Mzee, sikufukuzi," alisema. "Wapikie waje. Lakini pika cha watu saba."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Siku ya kwanza mkono wake ulitia chumvi ya sitini kwenye maharage ya saba. Siku ya pili alijizuia, supu ikawa maji ya moto yenye karoti. Sufuria ndogo hakuwa nayo, na katika ile kubwa wali ulikuwa utandu mtupu kabla hajageuka. Askari walikuja kwa heshima ya Kapteni, wakatafuna kwa heshima ya mzee. Fundi wa jenereta, mtani wake wa siku zote, alisogeza sahani kando.

"Mzee Sitini," aliuliza kwa upole, "wale hamsini na tatu wako wapi waje watusaidie hii chumvi?"

Walicheka wote, na yeye akacheka. Kisha akaingia jikoni, akakaa juu ya gunia la unga. Hakuwahi kuwa kitu kingine ila mpishi wa bwalo lile, na hakujua mtu kama huyo akifungiwa bwalo anakuwa nani.

Jioni alimpigia mama mkubwa simu. Kwa kawaida walizungumza habari za watoto, za paa linalovuja na za magoti, wakaagana. Safari hii aliuliza kiasi cha chumvi.

Mama mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia atafute kikombe. Si ndoo wala karai, kikombe. Akamweleza wali unavyopimwa na moto unavyopunguzwa, kwa wepesi wa mtu anayeelekeza njia ya nyumbani kwake. Baba mkubwa akashangaa, akamuuliza amejulia wapi kupika kidogo hivyo.

"Watoto walipoondoka nilibaki na nani?" alijibu. "Napika cha mtu mmoja. Ukikosea unakula kiporo mpaka unakichukia, unajifunza."

Hakusema kwa kinyongo, na palepale akarudi kwenye habari za vitunguu. Baba mkubwa anasema vitunguu hivyo hakuvisikia.

Aliazima sufuria kwa fundi wa jenereta, na kila jioni akapiga simu. Chakula kikaanza kukaa sawa. Askari wakaanza kuja bila kuitwa, kisha wakaanza kuchelewa kuondoka, na jioni moja walibishana juu ya penalti hadi chai ikapoa vikombeni. Yeye alisimama mlangoni na kitambaa begani, akisikiliza.

Mwisho wa mwezi Kapteni aliingia jikoni akitabasamu: bwalo litabaki. Baba mkubwa alimshukuru, halafu akaomba kustaafu.

Kapteni alidhani hakumsikia vizuri. Alielezwa kwamba askari wangepokezana kupika, na kwamba wawili walikwisha kufundishwa, mmoja wao yule fundi, ambaye mdomo wake ulikuwa na chumvi ya kutosha.

"Lakini umeshinda, mzee. Unakwenda wapi?"

"Afande, kuna mtu amekula peke yake muda mrefu."

Mpaka leo akisimulia kituo chake, huanza na zile kelele za watu sitini, na macho yake huenda mbali kidogo. Lakini habari za siku aliyorudi nyumbani alinisimulia mama mkubwa mwenyewe. Baba mkubwa alikataa kupikiwa. Alipika yeye, kwa kikombe, akapakua sahani mbili, akavuta kiti cha karibu na dirisha, akakaa.

"Hicho changu," mama mkubwa alimwambia.

Baba mkubwa akanyanyuka, akazunguka meza, akaketi upande wa pili.