Jumapili Mkasi Ulipokosekana

Muhamadi Sibomana hakuvunjwa mkono na polisi. Wala hakukimbilia Goma akiwa amejitanda buibui la mkewe, kama wanavyosimulia watu ambao siku ile ya mwaka 1952 hawakuwapo. Buibui hilo lilikuwa mwilini mwa mwenyewe, Saidati, na ndilo alilolichana jioni ile kupata kitambaa cha kumfungia mumewe mkono. Na lililo kubwa zaidi: Muhamadi hakupewa chochote na mtu yeyote ili amwite Munyaneza muuaji mbele ya watu mia mbili. Munyaneza alijiita mwenyewe.

Muhamadi alikuwa fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani. Kanzu iliyotoka barazani kwao hapa Gisenyi ilijulikana kwa mshono wake. Jumapili alasiri aliacha cherehani akaenda kwenye bohari la kahawa, ambako madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka likatundikwa ukutani, watu wakaonyeshwa sinema. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya shuka na fimbo ya mwanzi, akiwageuzia watu Kifaransa cha sinema kuwa Kiswahili.

Sinema hizo zilifika zikiwa zimekatwa. Waliozikagua hawakutaka watu wetu waone mauaji, na mkasi wao ulikuwa mkali. Kisu kinainuliwa, picha inaruka, na mara mtu amelala chini amekufa. Hapo bohari zima lilipiga kelele, "Mkasi!" kisha nyuso zote zikamgeukia Muhamadi, naye akawasimulia kile kipande kilichoondolewa, kwa namna yake. "Palipochanwa nashona," alikuwa akisema. Wengi walikuja kwa ajili ya mshono huo kuliko picha yenyewe.

Kulikuwa pia na desturi ya majina. Majina ya kizungu hayakukaa ulimini, kwa hiyo kabla taa haijazimwa watu walitoa yao. Nani atakuwa mkubwa wa sinema, yule mhusika wa kwanza? Nani mlevi? Nani mwizi wa ng'ombe? Wiki nzima mtu aliitwa kwa cheo hicho sokoni, na hakuna aliyekasirika.

Jumapili hiyo Munyaneza, mwenye malori mawili yaliyopakia mizigo bandarini Rubona, aliketi benchi la mbele.

"Fundi, leo mukubwa ni mi! Kila wiki unamupa ule muuza sukari."

"Na kama mukubwa ni mutu mubaya, patron?"

"Mubaya, muzuri, weka mi tu. Mi sichague."

"Kesho usilie," alidakia Mukamazimpaka, muuza samaki ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko kisu chake. Watu wakacheka.

Nyuma kabisa Twagirimana hakucheka. Miezi mitatu kabla, kaka yake Sebagabo alitolewa ziwani pale Rubona akiwa amevimba, na shingoni alikuwa na alama ambayo wengine walisema ni ya wavu. Dada yao ndiye mke wa Munyaneza. Sebagabo na shemeji yake huyo walikuwa wamegombea shamba hadi kutukanana njiani. Baada ya mazishi watu walinong'ona, lakini hakuna aliyesema kwa sauti. Muhamadi alijua habari hizo kama kila mtu alivyozijua. Asichokijua ni sinema, kwa kuwa hakuonyeshwa kabla ya wengine hata siku moja.

Taa ikazimwa. Mwanamume akafungua mlango wa nyumba, akaingia, na picha ikamfuata. Ikapanda naye ngazi. Ikapita naye ukumbini, ikasimama aliposimama kujitazama kwenye kioo. Haikuruka. Aliyeipiga hakuizima mashine yake hata mara moja; pengine ndiyo maana wakaguzi waliiacha ipite, kwa sababu ukiikata popote unabaki na vipande viwili visivyojuana.

Mwanzoni watu walifurahi. "Hii inatembea kama mutu!" Kisha vicheko vikakauka kimoja kimoja. Mukamazimpaka akavuta kanga yake mabegani. "Fundi, mi nachoka. Hii sinema haitupe hata nafasi ya kumeza mate."

Haikumpa hata Muhamadi. Yeye alizoea kupumua na kuwaza pale penye mkasi. Sasa neno lilivuta neno, na ulimi ulitangulia akili.

"Munyaneza anamkaribisha mgeni," alisema. "Munyaneza anammiminia divai. Mgeni anasema, usinidanganye, shemeji."

Alilisikia neno hilo likitua juu ya vichwa vya watu. Alitamani picha iruke, ili upande wa pili wa mkato ampe yule mgeni jina jingine. Hapakuwa na upande wa pili. Kwenye shuka, mwanamume alikuwa anachomoa kamba ya pazia.

"Mkasi!" mtu akaita mapema. "Mkasi, jamani!"

Kamba ikapita shingoni. Watu wale walikwisha kuona maiti wengi wa sinema, lakini hawakuwahi kumwona hata mmoja akifa. Huyu alikufa taratibu. Visigino vilipiga meza. Kiatu kimoja kikachomoka. Kucha zikachimba chini ya kamba, damu ikatoka, mdomo ukafunguka, na kamba bado inakazwa, bado inakazwa.

"Muache! Yebabawe, muache!" Mukamazimpaka alilia. Mwanamume mmoja akatapika ndani ya kofia yake.

Hapo Muhamadi akafanya kosa, na familia yake hailifichi. Alidanganya. "Si shemeji!" alipaza sauti. "Ni mwizi, ameingia usiku kuiba..."

"Amesema beau-frère, shemeji!" karani mmoja aliyejua Kifaransa akasimama. "Mara mbili! Fundi, unamuficha nani?"

Uongo ule, uliokusudiwa kumwokoa Munyaneza, ndio uliomhukumu. Twagirimana aling'oa mguu wa benchi, akaja akikanyaga magoti ya watu. Pigo la kwanza lilimpata Munyaneza sikioni, la pili likamvunja meno. Munyaneza akaanguka na shuka, na picha ikaendelea kwenye ukuta mtupu na kwenye migongo ya watu waliokuwa wakisukumana kuelekea mlangoni. Mwanamke mmoja alikanyagwa mbavu zikavunjika. Wapakiaji wa malori walivamia kumtetea tajiri wao, ndugu za Sebagabo wakawapokea kwa ngumi na mawe ya kuzuilia mlango.

"Sema!" Twagirimana alinguruma. "Kaka yangu ulimufunga na kamba gani? Sema!"

Muhamadi alijitupa juu ya Munyaneza, akamfunika kwa kifua chake, akainua mkono wa kulia. Mguu wa benchi ulishuka mara tatu juu ya mkono huo. Mara ya tatu waliokuwa karibu walisikia mfupa. Twagirimana angeshusha pigo la nne, lakini Mukamazimpaka alimkumbatia miguu, akamwangusha, akamkalia kwa uzito wake wote. "Utaua wawili kwa ajili ya mumoja, mupumbavu we!" Ukutani, muuaji alikuwa ananawa mikono, na picha bado haijaruka.

Wakati huo Munyaneza, kinywa kimejaa damu, alisema maneno machache katika sikio la Muhamadi. Wengine hawakusikia.

Munyaneza alikufa Jumanne. Twagirimana alifungwa. Mkono wa Muhamadi ulipona umepinda, hakushika tena mkasi wa kukatia nguo. Saidati ndiye aliyeketi kwenye cherehani na kulisha nyumba. Polisi walimwuliza Muhamadi aliambiwa nini pale chini. Aliwajibu: "Mimi nilitafsiri sinema. Hayo hayakuwa ya sinema." Ndugu za Sebagabo walikuja na mbuzi wawili ili aseme Munyaneza alikiri, akawarudisha pamoja na mbuzi wao. Watu wa malori ya Munyaneza walikuja na vitisho, akawafungulia mlango watoke. Mtu wa kununuliwa hafanyi hivyo. Maneno yale alimwambia mkewe peke yake, mwaka 1958, siku mbili kabla ya kufa.

Mwaka uliofuata mtoto mkubwa wa Munyaneza alifika barazani, kofia mkononi.

"Mama Saidati, shikamoo. Nakuomba. Watu wanasema baba yangu alikiri. Wengine wanasema aliapa hakuua. Wewe unajua."

"Marahaba. Najua."

"Basi niambie, mama. Mi ni mutoto wake."

Saidati alimmiminia chai, akamsogezea sukari.

"Baba yako alisema na mtu aliyemfunika kwa mwili wake. Hakusema na wewe, wala hakusema na mimi. Sisemi. Kunywa chai yako, uende."