Baba aling'oa mwembe wangu akidhani ni shina la pamba

Wakuu, mwangaluka. Nipo Bariadi, vijijini kidogo, na hili nalisimulia kama lilivyotokea. Wazazi wangu hawaingii humu, kwa hiyo sina wa kumpamba.

Kwach. Kwach. Kwach.

Kama umekulia kwenye pamba, unaijua hiyo sauti. Ni masalia yanang'olewa baada ya mavuno ili yachomwe, wadudu wasibaki. Nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo, baba yuko shambani, nasikia tu bila kutega sikio.

Halafu moja ikalia tofauti. Haikuwa kavu. Ilivutika kwanza, ndiyo ikakatika.

Niliacha sufuria nikakimbia na povu mikononi.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni msusi, shule niliishia darasa la saba. Ndoto yangu ni shamba la miembe hamsini, na mimi natembea katikati yake nimevaa gauni la njano. Msinicheke.

Nilianza na miche mitatu ya kuunganishwa. Miwili mbuzi walipita nayo. Ukabaki mmoja tu, pembeni ya pamba ya baba, umenyooka kama fimbo, unanifika kifuani.

Video moja ikasema mti mchanga ukatwe kichwa usawa wa kiuno, utoe matawi pembeni, usikimbilie juu. Nikakata. Nikauomba mti na msamaha kabisa.

Bando likaisha hapo hapo.

Sasa kwa akili yangu nikaona majani yaliyobaki yatanyonya chakula bure. Nikayachuma yote. Kumbe hayo ndiyo yalitakiwa yabaki, jamani!

Kikabaki kijiti kitupu, jirani na mistari ya vijiti vitupu. Na baba sikumwambia. Angejuaje?

Nilimkuta ameushika, mizizi inaning'inia na udongo mbichi.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Mama, kwani huu ndio ule?"

Niliupokea mikononi mwake. Tukaurudisha shimoni wote wawili tumepiga magoti, mzizi mkubwa umekatika nusu. Mama mzazi akaja, akatutazama, akasema:

"Mmoja kanyoa, mwingine kang'oa. Mwembe gani utawavumilia nyie?"

Kuanzia siku hiyo baba akawa mtu mwingine. Ndoo ya kwanza ya asubuhi, kabla hata ng'ombe hawajanywa, ilikuwa ya kile kijiti. Akakijengea kivuli cha nyasi. Akawa anakikwangua kwa ukucha aone kama ndani bado kuna kijani, mpaka nikamwambia, "Baba, utakimaliza."

Hakuwahi kusema samahani. Wanaume wa rika lake huku kwetu, kumwambia binti neno hilo ni mtihani. Ile ndoo ndiyo ilikuwa inasema.

Zikapita wiki. Nilishakata tamaa kimoyomoyo. Asubuhi moja nikasikia, "Mama! Njoo! Njoo mbio!"

Chipukizi. Majani mawili mekundumekundu, laini kama masikio ya ndama.

Baba alimpigia simu baba mdogo kule Malampaka, anapaza sauti kana kwamba simu haipo: "Mwembe wa binti yangu umetoa! Sijauua, unasikia? Sijauua!" Jumapili baada ya ibada akawaambia na watu wa kanisani.

Nilifurahi naye. Ila jicho langu lilishaona. Lile chipukizi lilitoka chini ya kovu la maungio.

Kwa wasiojua: mche wa kuunganishwa, chini ni embe la kienyeji, juu ya kovu ndiyo lile embe tamu ulilolinunulia mche. Kikikua cha chini, cha juu kinakosa chakula na kufa. Ukibaki na cha chini, una mwembe, lakini siyo ule.

Ningemwambia nini mtu anayelisalimia jani kila asubuhi?

Nilisubiri mpaka nikaona kidoa juu ya kovu, kidogo kama punje ya mchele. Baada ya siku chache kikafunguka. Ndipo nikamwita baba, nikamwonyesha kovu, nikamweleza yote.

Alichuchumaa akalitazama lile kovu. "Kwa hiyo hiki changu ni cha kienyeji?"

"Ndiyo, baba. Ila ndicho kilicholisha mizizi. Bila hicho tusingefika leo."

"Na lazima kitoke?"

"Lazima."

Akachukua jembe lake. "Basi kata wewe. Mimi huo mti nilishaugusa mara moja, inatosha." Akaondoka kuelekea majarubani kwenye mpunga, hakugeuka.

Nilichojifunza, wakuu: ukikata mti, acha majani, na waambie watu wa nyumbani. Na kumpunguzia mti kitu kilicho hai ni kazi ya moyo kuliko ya mkasi. Wenye miembe ya kuunganishwa, naomba mnisaidie: juu ya kovu sasa yametoka machipukizi manne, niache matatu au yote? Na kuna mtu mzazi wake aliwahi kuomba msamaha bila kusema? Tiririkeni, nasoma comment zote.

Asubuhi ile baba alipopotea machoni, nilikata. Mara moja tu, karibu kabisa na shina. Nikakaa na lile chipukizi kiganjani mpaka majani yakaanza kulegea. Kisha nikatoboa udongo kwa kidole, hatua mbili kutoka kwenye mwembe, nikalichomeka. Najua haliwezi kuota. Nikalimwagia maji.