Yeye Anajitolea, Mimi Nipo Tu

Kazi ilikuwa moja, watoto wale wale, na mshahara wetu sote wawili ulikuwa hakuna. Lakini mtu akimuuliza mama habari zangu, alijibu kwa sauti ya kuomba radhi, "Yupo. Yupo tu, anasubiri ajira." Akiulizwa habari za msichana wa Unguja aliyekuwa akilala chumba cha kaka yangu, sauti ilimpanda. Huyo alikuwa mwalimu. Kaacha raha zake mjini, kaja kujitolea kwa watoto wetu, Mungu amlipe. Siku ya kwanza kuyasikia hayo nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na ndoo ya maji kichwani, na roho iliniuma hata nikasahau kuitua.

Nilimaliza chuo cha ualimu nikarudi kijijini kwetu, kusini mwa Pemba, si mbali na Chokocho. Niliomba ajira kama wenzangu wote, na kama wenzangu wote nikaambiwa nisubiri. Kukaa ndani na cheti changu huku nasikia kelele za watoto wasiokuwa na mwalimu, skuli yenyewe iko nyuma ya nyumba yetu, sikuweza. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia nipe darasa lolote. Akanipa darasa la kwanza, ambalo kila mwalimu alikuwa akilikimbia, na akaniombea dua ndefu.

Asiyepata kufundisha darasa la kwanza asinisimulie habari za kazi. Huyu analia anamtaka mamake, yule kalala kwa sababu alfajiri alishaamshwa kwenda chuoni kusoma Kurani, hawa wawili wanavutania kipande cha penseli kisichofika hata kidole. Madawati ni ya wakubwa, wangu wanakaa kwenye mkeka. Nilikusanya mbegu za ukwaju za kuhesabia, wakazitafuna. Msimu wa karafuu ukija nahesabisha kwa makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na hayo hayatafuniki. Asubuhi nafagia darasa mwenyewe, nateka maji ya kufutia ubao, kisha naanza: a, e, i, o, u, mpaka koo linakauka. Jioni nabeba madaftari nyumbani nayasahihisha barazani, na mama akipita na ungo wake huniuliza, haya tutayatia nazi au tutayakaanga makavu?

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu huo. Kijiji kizima kilikuwa kikiniita mwalimu. Wazee wanaotoka msikitini waliniamkia mwalimu, muuza duka aliniita mwalimu hata ninapokopa sukari. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akisema "huyu mtoto". Sikutaka mengi mimi. Nilitaka mama yangu aniite mwalimu, mara moja tu, mbele ya watu. Nililitaka jambo hilo kuliko hata hiyo ajira, na Mungu ndiye shahidi wangu.

Basi ndipo alipokuja yeye. Umri wetu mmoja. Kamaliza chuo kikuu, anangoja kwenda kusoma nje, na huko anakokwenda wanampenda mtu aliyewahi kujitolea mahali. Akatafuta pa kujitolea kwa muhula mmoja, akatupata sisi. Mwalimu mkuu alikuja kwetu kumwomba mama amhifadhi, kwa kuwa kaka yangu yuko bara na chumba chake ni kitupu. Mama alikubali kabla mtu wa watu hajamaliza kuuliza.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu ikafika, na jembe nikalishika mimi. Yeye nilimwacha kwenye mbuzi anafundishwa kukuna nazi, na kila alipoikuna upande upande mama alicheka kwa mahaba. Mimi nilipokuwa naikuna vile, zamani hizo, nilipigwa mwiko wa mgongo. Kwanza alimwita mama "Bi", kwa heshima. Wiki haijesha akawa anamwita "mama", na mama anaitika, "Lebeka mwanangu." Mwanangu! Mie nikiita naambiwa, "Una nini?"

Na ukoko nao. Mimi ndiye kitinda mimba, na ukoko wa chungu cha wali ni wangu tangu nilipoota meno. Hakuna aliyeandika, lakini nyumba nzima inajua. Usiku mmoja mama akaubandua ukoko mzima mzima, wa rangi ya dhahabu, akauweka kwenye sahani ya mgeni, akasema, "Onja hiki, mjini hamna." Mgeni akala akafumba macho. Akanimegea na mimi, kwa sababu alikuwa na roho nzuri, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Nilimwambia sipendi ukoko. Mama akanitazama, akaendelea kupakua.

Ningependa kusema kwamba hajui kufundisha. Alijua. Darasa langu lilikatwa mapande mawili, nusu wakapelekwa kwake, na kupitia ukuta nilikuwa nikisikia wanavyocheka. Aliwachorea samaki kwa chaki za rangi alizokuja nazo. Aliwaimbisha. Wangu wakaanza kuchungulia dirishani kwake wakienda msalani, na safari za msalani zikawa nyingi ajabu. Walipomwona anapita walimkimbilia kumshika mkono. Nilijiambia ni ugeni tu, watoto hupenda kipya. Nikajiambia hivyo kila siku, na kila siku nikawa nasogea karibu na ule ukuta nisikie amewaambia nini.

Lililonichoma zaidi ni la mvua. Sisi Wapemba mvua kwetu "yanya", na mtu wa Unguja akisikia hivyo hujiziba mdomo, maana kwao kunya ni jambo la chooni. Mwaka wangu wa kwanza neno hilo liliniponyoka darasani. Wingu lilitanda, nikawaambia watoto waingie ndani, mvua yanya. Mwalimu mkuu alikuwa anapita. Aliniita pembeni akanieleza taratibu kwamba skuli ni mahali pa Kiswahili sanifu, mwalimu ni kioo, nijichunge ulimi. Niliona haya hata sikula mchana ule. Tangu siku hiyo nikiingia darasani ulimi wangu naufunga kamba.

Sasa yeye akajifunza kwa mama. Asubuhi moja aliingia chumba cha walimu kalowa chapachapa, akakung'uta buibui lake na kusema kwa ile lafudhi yake ya mjini, "Jamani, leo mvua yanya kweli kweli!" Walimu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu mkuu akafuta machozi akamwambia, basi umeshakuwa Mpemba, tukutafutie na mchumba. Nami niliyezaliwa Mpemba, mama Mpemba, baba Mpemba, nikabaki nachonga penseli kwenye kona. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nilikuwa nimecheza kwetu mwaka wa tatu, hajatokea wa kunitunza.

Katika ile nusu aliyopewa alikuwamo mtoto wa kike anayeandika kwa mkono wa kushoto. Mtoto huyo aliingia darasani Januari hajui kufungua mdomo. Mamake alishakata tamaa, jirani walikuwa wakimwita bubu. Nilikaa naye kila siku wenzake wakishatoka. Nilimwandikia herufi mchangani, nikamshika ule mkono wake wa kushoto, ambao wengine walitaka kuufunga kitambaa, tukaandika pamoja. Alikuwa ananong'ona tu. Silabi zikaja, ba, be, bi, moja moja. Alipohamishwa kwa mgeni alikuwa amebakisha kidogo sana, na hicho kidogo kikamalizikia kule. Wiki ya pili akasoma kwa sauti. Nilipalilia mie, akachuma mwenzangu.

Ikaja siku ya wazazi. Viti vikapangwa uwanjani, mwalimu mkuu akawataka watoto waonyeshe walichojifunza, na yule mtoto akasimama akasoma ukurasa mzima. Mamake alijifunika uso na kanga akalia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya viti na midomo yangu ilikuwa ikienda pamoja naye, neno kwa neno. Halafu mwalimu mkuu akamwomba mama yangu, kwa kuwa ndiye mwenyeji wa mgeni, aseme machache kwa niaba ya wazazi. Nikajua siku yangu imefika. Nilijisawazisha ushungi, wallahi.

Mama alisema vizuri. Ana maneno mama yangu akitaka. Alimshukuru Mungu, akawashukuru walimu, kisha akamshukuru binti aliyevuka bahari kuja kujitolea, hata mtoto aliyekuwa haongei leo anasoma mbele za watu. Akaketi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilihisi damu yote imepanda masikioni.

Aliyesimama ni mgeni. Alisema kwa adabu, samahani mama, mtoto huyu alifundishwa na mwenzangu, mimi nimemkuta anajua. Akaninyooshea mkono. Vichwa vyote vikageuka, na makofi nikapigiwa, ya kunipoza, kama anavyopozwa mtoto aliyesahauliwa pipi. Nilitabasamu. Kwa ndani nilikuwa natamani ardhi inimeze, kwa sababu hata haki yangu nimeipata kwa mkono wake yeye. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama miguu yake.

Muhula ulipokwisha akafunga mizigo. Mama alimpa karafuu kavu za kunukiza nguo, akampa doti ya kanga ambayo ilikuwa haijakatwa bado, na ambayo mimi nilikuwa nimeshaipigia hesabu ya Idi. Akamkumbatia akalia. Mimi nilipokwenda chuo mama hakulia. Aliniambia nisipoteze ndoo. Nilimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari ya Mkoani bandarini, tukaagana vizuri, akaniambia mama yako anakupenda sana. Nikamjibu inshallah, nikarudi nyumbani nimejaa hasira.

Nilimkuta mama barazani anapepeta mchele. Sikukaa. Nikamuuliza pale pale nilipo, "Mama, kwani mie pale skuli nafanya nini?"

Akasema, "Wasomesha."

"Mbona basi yule ni mwalimu na mie nipo tu? Mbona hujaniita mwalimu hata siku moja?"

Ungo ulikwenda juu mara mbili tatu, wishwa zikaruka. Kisha akauweka chini.

"Yule kajitolea," akasema. "Mtu hutoa alicho nacho. Ana babake, ana safari yake inamngoja. Katoa kidogo, kaenda zake. Nikimsifu simpunguzii kitu. Wewe una nini cha kutoa? Wewe hujitolei, mwanangu. Wewe watolewa."

Akatoa chuya moja mcheleni, akaitupa uani.

"Nikikuita mwalimu utaridhika. Ukiridhika hutouliza tena ajira, na wasioulizwa hawajibu. Watakuamkia njiani mwalimu, mwalimu, mpaka uzeeke na viatu hivyo hivyo. Wote wanakuita hivyo kwa sababu ni bure. Acha mmoja akunyime."

"Lakini mimi naipenda kazi ile, mama."

Akauchukua ungo wake. "Najua," akasema. "Ndicho kinachonitisha."

Mtu akikwambia wivu wake uliisha kwa maneno ya mamake, huyo anakudanganya. Wangu haukuisha. Nililala nao. Mgeni alipewa utamu, mimi nikapewa ukweli, na mimi nilikuwa nautaka utamu. Nilitamani niwe mgeni kwa mama yangu japo kwa juma moja, anisifu kwa majirani, anililie nikiondoka. Wakati huo huo nilikuwa najua kwamba yule msichana, pamoja na kanga zake na karafuu zake, mama hakumwogopea hata kidogo. Kujua hivyo kulinisaidia kama maji yanavyomsaidia mwenye njaa.

Skuli ilipofunguliwa nilipewa darasa zima, yale mapande mawili yakawa kitu kimoja. Walibanana kwenye mkeka, wakaniuliza mwalimu wa samaki yuko wapi. Nikawaambia amerudi kwao. Wakatazamana, wakilipima jambo hilo. Halafu yule wa mkono wa kushoto, ambaye sasa mdomo ukishafunguka haufungiki, akaniuliza, "Na weye mwalimu, wenda lini?"

Nikamwambia siendi. Nipo hapa hapa.

Walipiga kelele za furaha hata mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Mmoja akanishika mguu, mwengine akaning'ang'ania kanga, yule mtoto akaniwekea penseli yake mkononi nimchongee, na hakuna aliyechungulia dirishani wala kuomba kwenda msalani. Niliwatazama wote, wamenijaa miguuni, wananiita mwalimu, mwalimu. Nikaridhika. Wallahi nikaridhika kabisa, na papo hapo nikaingiwa na hofu.