Klabu Niliyoanza na Wifi Yangu

Pesa iliyoanzisha klabu yetu ya jimnastiki ilikuwa ya mahindi. Wakati wa mavuno bei ilikuwa chini, nikakataa kuuza, nikayaweka magunia ndani mpaka walanguzi walipokuja wenyewe kupiga hodi. Pesa ile ingetosha kupaua nyumba yetu. Nilinunua magodoro.

Aliyenishawishi ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuwa mtu wa watu. Akiingia dukani kununua chumvi, anatoka ameshajua mwenye duka ana watoto wangapi na wanasoma wapi. Mimi nilikuwa nimefundisha michezo katika shule ya msingi kwa mkataba, mkataba ukaisha, nikabaki na mapenzi yangu ya jimnastiki tangu chuo cha ualimu, ambako mkufunzi alitufundisha kuanguka kabla ya kutufundisha kuruka.

"Wewe una ufundi, mimi nina mdomo," wifi aliniambia. "Tukiungana, wifi, hatutalala njaa."

Tulipanga ghala la zamani la mahindi hapa mtaani kwetu, Mfaranyaki. Mwenye ghala alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Fundi aliyashonea magodoro turubai, mchomeleaji akatutengenezea chuma cha kuning'inia, tukakizamisha kwenye zege. Mwezi wa kwanza wazazi walileta watoto kwa udadisi tu, waone wanavyopiga msamba na kusimama kwa mikono. Wifi alipita nyumba kwa nyumba, na kila alikopita mtoto alikuja.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ukumbi unakula hata siku ambayo watoto hawaji. Baada ya mavuno wazazi walilipa ada bila kukumbushwa. Ikifika Januari, mbolea na sare za shule zikishawamaliza, walitukwepa njiani. Miezi hiyo kodi ilitokana na maonyesho. Tuliitwa kwenye harusi, sendofu, sherehe za kipaimara. Na watoto waliokuwa wakishangiliwa huko, mpaka watu wanawatuza noti, walikuwa wa akina mama wanaouza mboga sokoni. Hao hawakuwahi kulipa ada. Niliwapokea kwa sababu walikuwa na miili kama mpira na hawakuogopa kitu.

Hapo ndipo mimi na wifi tulipotofautiana.

"Hawa wanachakaza magodoro bure," alisema jioni moja tukifagia.

"Ndio wanaotulipia kodi, wifi."

"Wenye kulipa ada wananiuliza mimi kwa nini wengine hawalipi. Wewe huulizwi. Ninayeulizwa ni mimi."

Tulimaliza kufagia, tukafunga mlango. Nikadhani yameisha.

Ada zilikuwa zikitumwa kwenye simu yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyezifuatilia. Leseni ilikuwa kwa jina lake, kwa kuwa mimi sipendi kukaa kwenye mabenchi ya ofisi. Hatukuandikiana chochote. Nani anaandikiana mkataba na wifi yake?

Mwaka jana mama yangu aliumwa mguu wakati mahindi yamekauka shambani, nikalazimika kwenda kijijini kwake Mpitimbi kumvunia. "Nenda, wifi," alisema. "Msalimie mama. Huku nipo." Mume wangu alinisindikiza stendi, akanibebea begi.

Niliporudi nilipitia klabu kabla ya kufika nyumbani, nimewabebea watoto mihogo. Mlango ulikuwa wazi na ndani hamkuwa na kitu. Kimebaki chuma tu. Nikatoka, nikamuuliza mama anayeuza mkaa pembeni pale.

"Si mmehama?" alisema.

"Tumehamia wapi?"

Akainamia mkaa wake. "Kigari cha mizigo, kirikuu, kilikuja kuchukua magodoro. Nilijua unajua, maana baba alikuwepo anapakia."

"Baba gani?"

"Baba wa kwako."

Nilikwenda nyumbani. Mume wangu alikuwa uani anaosha pikipiki. Aliniona, akaendelea kuosha.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Alipata shule ya binafsi iliyompa ukumbi bure, wazazi wanalipia ada hukohuko shuleni. Lakini wanataka watoto wanaolipa tu. Akasema wewe hutakubali."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ungeniambia nikatae."

"Ni dada yangu," alisema. "Ningefanyaje?"

Nilihesabu moyoni chakula tulichokula pamoja tangu Pasaka, mezani, uso kwa uso. Hilo liliniuma kuliko magodoro, na linaniuma hadi leo.

Kesho yake nilimfuata wifi shuleni kwake. Alikuwa ukumbini na filimbi shingoni, amesimama juu ya magodoro yangu.

"Wifi, karibu. Nilitaka kukwambia ukirudi."

"Nimerudi."

Akaanza kunieleza habari za hasara, jinsi nilivyokuwa nikigawa jasho lake kama sadaka. Katika hayo kulikuwa na ukweli. Wale watoto wanaolipa walikuja kuniamkia, "Shikamoo mwalimu," wakarudi kwenye mstari wake.

Mama mkwe aliita kikao. Wazee walisema ukoo usivunjike kwa sababu ya magodoro. Nilirudishiwa machache, yaliyochanika. Pesa yangu ya mahindi hakuna aliyeitaja, na mimi nilinyamaza kwa kuwa mume wangu alikuwa akiniangalia kwa macho ya kuomba.

Mimi na mume wangu bado tunaishi pamoja. Siku za sikukuu wifi hunipakulia pilau na mimi hula. Watoto wa sokoni ninawafundishia uani kwangu, juu ya magodoro yaleyale niliyoyashona upya kwa mkono, na harusi bado zinatuita. Ghala nililirudisha kwa mwenyewe, kwa hiyo kidogo kinachopatikana sasa kinabaki.

Mwezi uliopita mama wa msichana wangu aliye hodari kuliko wote alikuja kutoka sokoni na tenga lake kichwani. Alilitua, akakataa kiti.

"Mwalimu, ile shule ya wifi yako wanamtaka mwanangu. Watamsomesha bure, arukie kwao. Nimewaambia sijibu mpaka nikuone wewe."

Alisimama akingoja, jasho likimtiririka. Ningesema hapana, asingempeleka, hilo nililiona. Mtoto mwenyewe alikuwa nyuma yetu anajizoesha kubinuka.

Nilimwambia ampeleke, na wamnunulie kaptura mpya, ile imembana. Akanishukuru, akajitwika tenga. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi ndani kulia.